Mzinga wa Kusemea Ardhini

Koili ya kumi na moja iliungua siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, na Lugano Mwasote hakushtuka tena. Alizima umeme, akafungua dirisha la karakana ili moshi utoke, akaandika kwenye daftari lake: Kumi na moja. Imeungua upande wa kushoto. Kisha akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akautazama ule mviringo wa waya mweusi kama mfugaji anayemtazama mbuzi wake aliyekufa.

"Umeipa umeme mwingi," alisema Fundi Tusekile bila kuinua kichwa. Alikuwa upande wa pili wa meza, anavua waya kwenye mota ya pampu.

"Nisipoipa umeme mwingi, sauti haifiki chini."

"Basi tatizo si umeme. Tatizo ni huko sauti inakokwenda."

Fundi Tusekile alikuwa na miaka hamsini na minane, na thelathini ya hiyo aliitumia hapo hapo Makongolosi akisuka upya mota zilizoungua. Hakuwa na cheti cha aina yoyote. Lugano, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, alikuwa na vyeti viwili, cha pili kikiwa cha mambo ya mawimbi ya redio, na bado alikuwa amepanga meza kwenye karakana ya mama huyu kwa sababu hakuna mtu mwingine wilayani aliyeweza kuzungusha waya wa shaba mara elfu tatu bila kukosea hata mara moja.

Kazi yenyewe ilikuwa imeagizwa na Mgodi wa Ilunga. Huko Ilunga watu hawakukata tena mwamba kwa mikono. Mashine sita zilizoitwa mafuko, kwa jina la yule mnyama mdogo achimbaye chini ya ardhi, kila moja na ukubwa wa ndama, ziliutafuna mwamba mbele na kuutema nyuma kwenye mkanda, usiku na mchana. Watu wachache tu ndio walioshuka nazo, kupima njia na kuangalia pampu. Mafuko yalipokea amri kwa waya mmoja mrefu uliozungushwa kilima chote, na waya ule ulikuwa na kasoro moja kubwa: ulisema na mafuko yote kwa pamoja. Ukiliambia moja "anza", yote yalianza. Mgodi ulitaka antena ambayo mtu mmoja ataibeba mgongoni, ataielekeza ardhini kama anavyoelekeza tochi, na atasema na fuko analolitaka, mita mia mbili chini, mengine yasisikie.

Ilikuwa rahisi kuitamka. Wimbi fupi, kama lile la simu, hufa udongoni kabla hata halijafika pale mzizi wa muhogo unapoishia. Wimbi refu hupenya mwamba vizuri, lakini linadai antena ndefu ya kilomita nzima. Ukiifupisha antena kwa kuizungusha koili kwenye vipande vya feraiti, kauri yenye chuma, unapata kitu cha kubebeka, ila wimbi lake humwagika pande zote kama maji ya bomba lililopasuka. Lugano aliongeza umeme ili lile dogo linalokwenda chini litoshe. Ndiyo maana koili zikaungua.

"Linamwagika pembeni," alisema kwa uchovu. "Nimelizuia kwa bati, kwa chuma, kwa nini sijui. Halizuiliki."

Fundi Tusekile aliendelea kuvua waya wake. "Mwaka mmoja nilikuwa na mwanafunzi hapa, mvivu kweli kweli. Akasuka mota, nusu ya waya akaizungusha kinyume. Tukaiwasha, ikanguruma tu. Haikuzunguka. Nusu hii inavuta huku, nusu ile inavuta kule, zinauana."

"Ukafanyaje?"

"Nikamfukuza. Ningefanyaje?"

Lugano alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasimama. Ndoo ikabingirika.

"Fundi, hebu rudia. Zinauana?"

"Zinauana. Nguvu ipo, ila ukiitafuta huioni."

"Na kama nikitaka ziuane? Pembeni tu. Nikizungushia koili kubwa duara la koili ndogo ndogo, zote zikiwa zimesukwa kinyume, zikaua kila kinachotoka pembeni, kisha chini nikaacha wazi?"

Fundi Tusekile aliweka koleo mezani. Alitafuna kipande cha tangawizi kama kawaida yake.

"Koili ndogo ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Basi acha kusimama hapo kama mgeni. Lete waya."

Waliisuka kwa siku tisa. Ilipokamilika ilikuwa na umbo la mzinga wa nyuki, ule wa gogo unaotundikwa porini: ndefu kiasi cha mkono wa mtu mzima, nene, imefunikwa kwa utomvu mgumu wa rangi ya kahawia. Ilikuwa na uzito wa kilo kumi na tisa. Wafanyakazi wa mgodi walipoiona mara ya kwanza wakaiita mzinga, na jina likabaki. Kwenye jaribio lao la kwanza, juu ya kilima kikavu chenye shimo la zamani, sauti ilishuka mita themanini na kumulika mahali padogo kiasi cha uwanja wa netiboli. Hatua kumi nje ya hapo hapakusikika kitu.

Siku ile ile, wakifunga vifaa, Fundi Tusekile aliuliza, "Na watu je?"

"Watu gani?"

"Mafuko yatasemeshwa. Haya, vizuri. Na wanaoshuka nayo?"

Mkataba haukusema lolote kuhusu watu. Lugano angeweza kujibu hivyo. Badala yake alikaa wiki mbili zaidi akitengeneza visikilizi vidogo, kila kimoja saizi ya kizibo cha soda, na kuvibandika ndani ya helmeti za mgodi. Visikilizi hivyo vingeweza kusikia tu. Kusema kutoka chini kwenda juu kunataka nguvu ambayo helmeti haina. Aliwafundisha wafanyakazi namna ya kujibu: gonga mwamba kwa chuma. Mara mbili ni ndiyo, mara moja ni hapana. Juu, kifaa cha kuwekwa ardhini kingesikia milio hiyo. Wafanyakazi walimcheka kidogo. Tangu waanze kazi, helmeti hazikuwa zimewahi kuongea nao.

Baadaye maishani, Lugano alipoulizwa anamshukuru nani kwa yote yaliyompata, alianza na swali lile la maneno matatu.

*

Mwamba uliporomoka siku ya Alhamisi, saa moja asubuhi, upande wa magharibi wa Ilunga. Uliukata waya mrefu wa kilima, ukaziba njia kuu, na kuyasimamisha mafuko yote sita pale pale yalipokuwa. Watu watatu hawakutoka. Wa kwanza ni Asajile, mwendesha mafuko, kijana aliyekuwa ameoa mwezi uliopita. Wa pili ni Bupe, mpimaji, mama wa watoto wawili. Wa tatu ni mzee Lubango Shija, mtu wa pampu.

Lugano na Fundi Tusekile walifika saa tatu. Meneja wa mgodi, Edson Kandonga, aliwapokea akiwa na ramani mkononi na vumbi hadi kwenye kope. Hakuwa mtu mbaya, yule. Tangu asubuhi alikuwa amezoa vifusi kwa mikono yake mwenyewe pamoja na vibarua, na kucha moja ilikuwa imeng'oka.

"Kuzoa kutoka njia kuu ni siku mbili," alisema. "Chumba walichomo, kama wamo, kina hewa ya kuwafikisha saa kumi na moja jioni. Injinia, mzinga wako unaweza kufika mita mia mbili na kumi?"

"Nimeujaribu mita themanini."

"Sikukuuliza hilo."

"Sijui, meneja. Twende tukaone."

Aliubeba mzinga mgongoni, Fundi Tusekile akabeba betri mbili, na Kandonga akatangulia na ramani. Kilima kilikuwa na miti ya miyombo na mawe yanayoteleza. Haikuwezekana kusimama popote na kusema. Sauti ilipaswa kushuka kwa watu peke yao, kwa sababu magharibi yao, chini ya mwamba uliopasuka, mafuko matano yalikuwa yamelala na masikio wazi. Mashine zile hazikujua maneno. Mapigo yoyote yenye nguvu zingeweza kuyasoma kama amri ya "anza", na kama zingeanza kutafuna pale zilipo, zingekishusha kilima chote.

Kandonga aliweka kidole kwenye ramani, kisha kwenye ardhi. "Hapa. Wapo chini ya hapa, kama walikimbilia chumba cha dharura."

Lugano aliusimamisha mzinga wima, akaupima kwa timazi, akawasha. Kwenye skrini ndogo mstari wa nguvu ulipanda, ukatetemeka, ukatulia. Pembeni hapakuwa na kitu; koili kumi na mbili zilikuwa zinaua kama zilivyosukwa kuua. Alishika kipaza sauti. Kwa wimbi refu kiasi kile, maneno hupita kidogo kidogo, na sentensi moja huchukua nusu dakika kufika, kwa hiyo alichagua machache.

"Ni Lugano. Kama mnanisikia, gongeni."

Walisubiri. Fundi Tusekile alikuwa amelala kifudifudi, kisikilizi cha ardhini kimeunganishwa na masikio yake, macho ameyafumba. Ndege mmoja aliimba mtini, Kandonga akamtazama kwa hasira kana kwamba angeweza kumnyamazisha.

"Wanagonga," alisema Fundi Tusekile.

 Kandonga alivua helmeti yake akaikumbatia kifuani.

"Wanagonga, jamani," alirudia.

Lugano aliuliza mmoja mmoja. Asajile yupo? Ngo, ngo. Bupe? Ngo, ngo. Alipofika kwa wa tatu akasema, bila kufikiri, kama ambavyo angesema akimkuta njiani, "Mzee Lubango, shikamoo."

Chini hapakuwa na namna ya kusema marahaba. Kisha likaja pigo moja, zito, la taratibu. Fundi Tusekile alitabasamu na udongo shavuni. "Ameitikia," alisema.

*

Njia ya kuwatoa ilikuwepo, nayo ilikuwa Fuko la Nne. Lilikuwa limesimama peke yake upande wa mashariki, mita arobaini kutoka kwenye chumba, na nyuma yake njia ya mashariki ilikuwa bado wazi. Likipewa amri lingechimba moja kwa moja hadi kwa watu, kwa saa moja na nusu, na waokoaji wangepita nyuma yake. Halikuwa na kitufe mwilini ambacho mtu angeweza kukibonyeza. Lilitengenezwa litii wimbi tu. Mzinga ungeweza kusema nalo.

Lakini fuko halijui mtu. Kwake mwamba na mfupa ni kitu kimoja. Lingetakiwa kusimamishwa kutoka juu, mita moja kabla ya kuwafikia, na betri ziwe bado zina nguvu, na wimbi lifike mara ya kwanza. Lisiposikia "simama", lingepita juu yao.

"Tuanze," alisema Kandonga. "Wewe waambie tu walale upande wa magharibi wa chumba na watulie. Waambie msaada unakuja."

"Nitawaambia ni msaada gani."

"Hapana." Alishusha sauti, ingawa hapakuwa na mtu wa kuwasikia. "Injinia, nisikilize. Mimi nimewahi kufungiwa chini, miaka kumi na moja iliyopita. Mtu aliye gizani ukimwambia kuna mashine inakuja kwake na pengine haitasimama, atachanganyikiwa. Atakimbia. Atagonga kichwa, atamaliza hewa ya wenzake. Hiyo si huruma. Huruma ni kumnyamazia."

 Lugano aliona kwamba mtu huyu anasema jambo alilolipitia. Aliwafikiria wale watatu, kila mmoja na helmeti yake, wakisubiri sauti kutoka juu. Aliweza kuwaambia chochote. Wasingekuwa na njia ya kumsuta. Ndipo akatambua kile alichokuwa amekitengeneza: kifaa cha kusema na mtu asiyeweza kukujibu zaidi ya ndiyo na hapana. Na kama hata hiyo ndiyo na hapana hataiuliza, basi watu wale hawakuwa na tofauti na mafuko.

"Meneja, kama ningekuwa wewe, pengine ningesema hivyo hivyo," alisema. "Lakini roho ni zao. Sitazicheza kamari bila wao kujua."

"Na wakikataa?"

"Tutajua wamekataa."

Kandonga alimgeukia Fundi Tusekile, labda akitegemea mtu mzima mwenzake amwunge mkono. Fundi Tusekile alikuwa anafuta vumbi kwenye vichwa vya betri kwa upindo wa kanga.

"Mimi ni msikilizaji tu hapa," alisema. "Ila ningekuwa chini, ningetaka kuulizwa."

Lugano alisema nao kwa dakika sita. Aliwaambia yote: fuko, mita arobaini, upande wa mashariki, saa moja na nusu, na kwamba hana hakika kama litasikia likiambiwa lisimame. Aliwaambia kwamba njia ya mikono ni siku mbili na hewa haitoshi. Kisha akawaambia kila mmoja ajibu kivyake, kwa zamu.

Asajile: ngo, ngo.

Bupe: ngo, ngo.

Mzee Lubango: ngo.

Fundi Tusekile alisubiri pigo la pili. Alisubiri sana. Akatikisa kichwa.

"Wawili wamekubali," alisema Kandonga, akiangalia saa. "Umewauliza, wamejibu. Wawili kwa mmoja. Saa tano na nusu sasa. Anzisha fuko."

Haki yote ilikuwa upande wake. Kidole cha Lugano kilikuwa tayari kwenye swichi. Kura ilikuwa yake mwenyewe, yeye ndiye aliyeiomba, na kila swali jipya lingekula betri na dakika. Lakini ile hapana ilikuwa imekuja taratibu na kwa uzito ule ule wa kuitikia salamu. Haikuwa ya mtu aliyechanganyikiwa.

"Nataka kujua kwa nini," alisema.

"Hawezi kukueleza! Anaweza kugonga tu!"

"Basi nitamweleza mimi, yeye aseme ndiyo au hapana."

Akashika kipaza sauti. Mzee Lubango, unaliogopa fuko? Ngo. Hapana. Mwamba wa hapo umepasuka? Ngo. Kuna gesi? Ngo. Kila swali lilichukua zaidi ya dakika, na mstari wa betri ya kwanza ulikuwa unashuka mbele ya macho yao. Lugano alifikiria kila kitu alichokisoma kuhusu miamba na hakuona la kuuliza.

"Ni mtu wa pampu," Fundi Tusekile alisema, akiwa bado amelala kifudifudi. "Miaka yote nimemsukia mota zake. Mtu wa pampu umuulize maji."

"Mzee Lubango, ni maji?"

Ngo, ngo.

Kandonga alikunja ramani, akaikunjua tena. "Hakuna maji hapo. Ramani haina maji."

"Upande wa mashariki?" Lugano aliuliza chini. "Kati yenu na fuko?"

Ngo, ngo.

"Mengi?"

Ngo, ngo. Ngo, ngo. Ngo, ngo. Hakuacha. Fundi Tusekile alivua visikilizi masikioni akampa Kandonga, naye akavivaa, akapiga magoti, akasikia mwenyewe mzee yule akiugonga mwamba bila kupumzika, mita mia mbili na kumi chini yake.

"Ramani haina maji," alisema tena, lakini safari hii kama mtu anayejiuliza.

"Ramani haimo mle ndani, meneja. Yeye yumo."

 Kandonga akatandaza ramani juu ya jiwe na kuchora kwa kalamu mstari mwingine, unaoshuka kutoka kwa Fuko la Nne, unaopita kusini na kupanda kwenye chumba kutoka nyuma. Mwamba wa huko ulikuwa mgumu. "Saa nne za kuchimba," alisema. "Tukianza saa sita kamili, ni saa kumi. Hewa itabaki ya saa moja." Akaandika pembe za kila kona, akampa Lugano. "Waulize hiyo."

Aliwauliza. Jibu lilikuja mara tatu, na mara zote tatu lilikuwa la mapigo mawili.

*

Kusema na fuko kulikuwa kazi ya miguu. Kila lilipotakiwa kugeuka, Lugano alitakiwa kuwa juu yake hasa, kwa hiyo alitembea kilimani na mzinga mgongoni kwa saa nne, akifuata kitu asichokiona. Wanasimama, wanaupanga mzinga wima, Lugano anatuma mapigo manne ya "kushoto" au mawili ya "panda", Fundi Tusekile analala na kusikiliza kama mngurumo umebadilika, kisha wanaubeba tena. Magharibi mafuko matano yaliendelea kulala. Mabega ya Lugano yalichubuka. Mke wa Asajile, aliyekuwa chini ya kilima na ndugu wengine, alipanda na dumu la maji bila kuitwa, akawanywesha mmoja mmoja kama watoto, akashuka bila kuuliza kitu.  Kabla hajashuka, Lugano alimshika mkono.

Saa kumi kasoro robo betri ya pili ilikuwa na alama moja. Mahali pa mwisho, pale juu ya chumba, ardhi ilikuwa imeanza kuchanika, na Kandonga alikataza mtu kukanyaga. Lugano alilala ukingoni mwa ufa, akauinamisha mzinga kwa pembe aliyoikokotoa kichwani, akaukumbatia kwa mikono miwili usicheze. Fundi Tusekile alimshika miguu kwa mkono mmoja, mkono mwingine umebana kisikilizi.

"Niliwaambia wagonge mfululizo ukuta ukianza kutikisika. Wanagonga?" aliuliza Lugano.

"Wanagonga mfululizo. Ngoja." Fundi Tusekile alikuwa anahesabu kwa midomo. "Ngoja, mwanangu. Ngoja. Sasa!"

Lugano alituma "simama". Mngurumo uliendelea. Alituma tena, na alama ya betri ikazimika, ikawaka, ikazimika. Akaubana mzinga kifuani hadi ukamuumiza, akausogeza upana wa vidole viwili, akatuma mara ya tatu kwa umeme wowote uliokuwa umebaki.

Skrini ikafa.

Chini, mngurumo ulikatika.

 Fundi Tusekile aliachia miguu ya Lugano na kushika kisikilizi kwa mikono yote miwili. Ikapita dakika. Ikapita nyingine. Kandonga alikuwa amefumba macho na midomo yake inacheza.

"Mmoja," alinong'ona Fundi Tusekile. "Anagonga mmoja. Wawili." Machozi yalimdondoka puani. "Watatu. Wote watatu, Lugano. Wanagonga kama ngoma, jamani, wamechanganyikiwa kabisa watu hawa."

Lugano alilaza shavu lake juu ya ardhi. Hakuwa mtu wa dini sana. Alisema asante hata hivyo, mara nyingi, kwa udongo, kwa shaba, kwa mwanafunzi mvivu ambaye hata jina lake hakulijua.

*

Waokoaji walibomoa mita ya mwisho kwa sururu, wakawatoa kwa njia ya mashariki saa kumi na moja kasoro dakika kumi, jua likiwa bado kali. Asajile alitoka wa kwanza akitambaa, na mkewe alimwangukia kwa nguvu kiasi cha kumrudisha chini. Bupe alitoka akiwa anaongea. Alikuwa amekwisha kuambiwa na waokoaji: walipopita pale kwenye kona ya kwanza walitoboa tundu dogo la kupimia kuelekea kule ambako fuko lilipangiwa kupita mwanzo, na maji yalifyatuka kwa nguvu ya kumwangusha mtu. Palikuwa na njia ya kale, ya wachimbaji wasiokumbukwa na yeyote, imejaa hadi juu. Yaliendelea kutoka kwa siku mbili.

"Niligonga mara mbili," Bupe alisema, akimshika Lugano mabega. "Unaelewa? Nilikubali. Mimi ndiye mpimaji, na nilikubali. Ningetuua wote." Kisha akageuka kumtafuta mzee Lubango ili amwambie yeye.

Mzee Lubango alikuwa ametoka wa mwisho na kukaa kwenye jiwe. Mtu alikuwa amempa kikombe cha chai, naye alikishika kwa viganja vyote viwili bila kunywa. Alikuwa mwembamba, mwenye mvi kifuani, na miguu yake ilikuwa mitupu, imechubuka kwa kutambaa.

"Shikamoo, baba," Lugano alisema.

"Marahaba, mwanangu. Marahaba." Alicheka kidogo. "Ile ya asubuhi nayo nilikuitikia."

"Ilifika." Lugano alichuchumaa mbele yake. "Ulijuaje kuna maji?"

"Ukuta ule ulikuwa unatoka jasho. Mwamba haujui joto. Ukitoka jasho, kuna kitu nyuma yake. Niliwaambia hawa vijana, lakini sauti ya juu ilikuwa imeshasema mashariki, na sauti ya juu ina ramani." Alikunywa funda moja. "Miaka ishirini na sita nafanya kazi chini. Amri zinashuka, sisi tunasikia. Hata nilipogonga ile moja sikutegemea kitu. Nilijua wawili wameshashinda."

Kandonga alikuwa amekuja na kusimama nyuma ya Lugano. Alisikia hayo yote.

"Buti zako ziko wapi, mzee?" aliuliza.

"Nilizivua, mkubwa."

"Kwa nini?"

"Niweze kuogelea." Mzee Lubango aliinua macho, na hayakuwa na lawama. "Nilipokwisha kujibu nilijua maji yanakuja, nikavua. Nimekaa hivyo gizani, miguu mitupu, nasubiri. Ndipo nikasikia huyu binti anauliza kama naliogopa fuko." Alimtazama Lugano kwa muda mrefu, macho yakajaa. "Sikuwa nimewahi kuulizwa mara ya pili, mimi. Katika jambo lolote. Nakushukuru, mama. Mungu akupe umri."

 Fundi Tusekile, aliyesimama pembeni na mzinga begani, alitazama upande mwingine na kutafuna tangawizi yake kwa bidii.

Kandonga aliketi chini, pale pale vumbini, mbele ya vibarua na ndugu na waokoaji. Alifungua kamba za buti yake ya kulia, kisha ya kushoto, bila haraka, akikwepa kutumia kidole chenye kucha iliyong'oka. Akamvisha mzee Lubango mguu mmoja, kisha wa pili, akamfunga kamba.

Mzee Lubango alisimama, akapiga hatua mbili za kujaribu.

"Zinanibana kidogo," alisema. "Lakini asante."